Vifungo Arubaini

Kesho naanza. Gari la wizara litafika kabla ya alfajiri
hapa Ibra, nyumba ya tatu baada ya duka la matairi,
na dereva, Bakhit, ameshanambia kwa simu
kwamba yeye hapigi honi, anawasha taa mara mbili, basi.
Wiki sita. Haima, Jazir, Duqm, halafu huko
ambako ramani imeandika jina moja ikaacha karatasi tupu.

Zayana aliyeniachia kazi, aliyestaafu na mgongo wake,
alinipa daftari lenye doa la mafuta ya nazi kwenye jalada:
Kiatu kimoja cha kufunga, kimoja cha kuvua upesi.
Vumbi halibishi hodi; vika mashine kanga mbili.
Usikubali safari baada ya magharibi,
ngamia hana taa.
Ukifika Ghaba jaza mafuta, hata kama tangi lina nusu.
Ukipewa chumba cha kupimia, sikiliza kwanza kiyoyozi chake.
Na kulia, lia siku ya tatu. Siku ya kwanza utachoka bure.

Nimetandaza vyote mkekani:
mashine, nyaya, hedfoni, nyekundu kulia, buluu kushoto,
baibui tatu na moja ya kuharibika,
panadoli, tochi, mswala unaokunjika ukawa kama leso.
Watoto wadogo hawajui kusema "nimesikia".
Unampa mtoto kifungo, akiweke karibu na shavu;
mlio ukija, akitie koponi.
Vifungo ndivyo sikuwa navyo.

Mama akafungua mkebe wake wa kushonea,
akaisukuma kando kofia ya Mundhir, vitundu nusu, harusi mwezi ujao,
akanihesabia arubaini:
vya mashati ya baba, vya sare zetu za skuli,
kimoja kikubwa, cha kahawia, cha koti alilokuja nalo kutoka Unguja
akakuta nchi isiyotaka koti.
"Mnawapimaje hao watoto?"
Nikamvisha hedfoni juu ya mtandio.

Ti, kifungo koponi. Ti. Ti.
Hakukosa hata kimoja. Akacheka:
"Umeona? Sikio la msichana."
Ndipo nikaona macho yake yalipo:
yako begani mwangu,
bega linaloinuka kidogo kila nikibonyeza.

Nikageuza kiti, nikatazama ukuta.
Thelathini.
Arubaini.
Hamsini, sauti ya mtu anayekuomba chumvi.
Sitini, mtu huyo huyo ameshaanza kukasirika.
Kopo kimya.

Kumbe ndiyo maana ya zile "eeh" za kwenye simu
kwa maswali yasiyojibiwa kwa eeh.
Ndiyo maana siku hizi tukizungumza
ananitazama mdomo,
nami nikadhani ni mapenzi tu.

Akavua hedfoni, akanirudishia kama mtu anayerudisha sahani.
"Mashine yenu mbovu. Itengenezeni
kabla hamjaenda kuwasingizia watoto wa watu."
Kifungo cha kahawia kilikuwa bado mkononi mwake.
Sikukidai.

Nikaifunga mashine kwa kanga mbili, kama nilivyoagizwa.
Daftari la Zayana halina mstari wa jambo hili;
lina wa vumbi, wa ngamia, wa tumbo la kuendesha.
Katika orodha yangu, juu ya skuli ya kwanza ya Haima,
nikaandika jina la mama na ya baba yake,
nikaacha wazi kisanduku cha matokeo.
Nikalala na viatu vya kufunga miguuni.

Sikuota chochote. Mkono ulinitikisa gizani,
mkono unaonuka uzi na tangawizi,
na ukutani mwanga ulikuwa ukipita, ukazima, ukapita tena.
"Amka," mama alisema, kwa sauti kubwa kuliko chumba.
"Gari lishafika. Wewe husikii?"